Hisa ipi niongeze, ipi niiache ilale, ipi nitoe? Naomba mawazo yenu

Nyota ya Jioni

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie maana nimekwama. Nina hisa za kampuni tano nilizonunua kidogo kidogo kwa nyakati tofauti na sasa nimefika mahali sielewi ipi niongeze, ipi niiache na ipi nitoe. Majina ya kampuni sitataja, sitaki mtu aje kuniambia hii nzuri ile mbaya kwa mapenzi yake tu, nataka nijue namna ya kufikiri ili hata mwakani niweze kuamua mwenyewe.

Ya kwanza ni ya teknolojia, imepanda kweli kweli, mwanzo ilikuwa sehemu ndogo tu ya pesa zangu ila kwa kupanda huko sasa hivi yenyewe peke yake imebeba zaidi ya nusu ya potifolio nzima, yaani uwekezaji wangu wote. Ya pili ina maduka ya rejareja, hiyo imeshuka kama asilimia 60 toka ninunue. Ya tatu ni benki, bei haijasogea sana siku za nyuma ila karibuni imeshuka kiasi, na kwa bei ya leo gawio lake (faida wanayotugawia wanahisa) linakuja kama asilimia 11. Ya nne kiwanda cha vinywaji, haipandi haishuki, ipo ipo tu. Ya tano ni hisa za kampuni ninayofanyia kazi, tunakatwa kwenye mshahara kila mwezi na wanatuuzia kwa punguzo.

Kila mwezi napata pesa kidogo ya kuongeza. Akili yangu inaniambia niuze ile ya teknolojia nichukue faida kabla haijageuka, pesa niiongeze kwenye ile iliyoshuka ili wastani wangu wa bei ushuke, halafu ikirudi tu bei niliyonunulia naitoa naachana nayo. Na benki niongeze kwa ajili ya gawio. Hii pesa siihitaji leo wala kesho, ni ya miaka kumi mbele na zaidi. Mnaonaje?

Mzee wa Mizania

Ndugu Nyota, mimi naanzia hapo kwenye "ikirudi bei niliyonunulia naitoa", maana hapo ndipo mpango wako wote umeegemea. Bei uliyonunulia ni kumbukumbu yako wewe, kwenye kampuni haipo, haipo kwenye mauzo yao wala kwenye madeni yao, na hakuna kitu chochote duniani kinachoilazimisha hisa irudi hapo. Halafu piga hesabu, kitu kilichoshuka asilimia 60 kimebaki 40, kutoka 40 kurudi 100 kinatakiwa kipande asilimia 150. Ingeshuka 80 ingehitaji kupanda 400. Sasa jiulize hiyo kampuni ya maduka itafanya nini kipya mpaka thamani yake ipande mara mbili na nusu.

Na hii tabia ya kuuza iliyopanda na kung'ang'ania iliyoshuka imechunguzwa sana. Mwaka 1998 mtafiti Terrance Odean alitoa utafiti wa akaunti 10,000 za wawekezaji wa kawaida Marekani, shughuli zao za 1987 hadi 1993, akakuta watu wanauza zenye faida kwa wepesi kuliko zenye hasara. Na hisa walizouza ziliendelea kufanya vizuri kuliko zile walizobaki nazo, kwa mwaka uliofuata tofauti ilikuwa kama asilimia 3.4. Yaani walikuwa wanatoa zilizo bora na kubaki na dhaifu, kisa kuuza kwa hasara kunauma na kuuza kwa faida kunafurahisha.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwa kila moja ya hizo tano ni hili: hii hisa ingekuwa pesa taslimu mkononi leo, ningeinunua kampuni hii kwa bei ya leo? Kama jibu ni ndiyo, una sababu ya kubaki. Kama jibu ni hapana lakini bado unaishikilia, jiulize unasubiri nini.

Sasa kushuka nako kuna aina zake. Amazon ilishuka zaidi ya asilimia 90 kati ya mwisho wa 1999 na 2001, ila muda wote huo mauzo yalikuwa yanaongezeka na wateja wanaongezeka, bei ilikuwa imepanda kichaa na soko zima likaanguka nayo. Kodak nayo ilishuka miaka na miaka mpaka Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na huko biashara yenyewe ya filamu za kamera ndiyo iliyokuwa inakufa. Ukiangalia chati tu zote mbili ni mstari unaoshuka, tofauti unaipata kwenye taarifa za fedha. Kwa kampuni ya maduka mimi ningefungua ripoti ya mwaka nikaangalia: fedha taslimu zinazotoka kwenye shughuli zenyewe ni chanya au hasi, bidhaa zilizolala stoo zinaongezeka kwa kasi gani ukilinganisha na mauzo, deni linaiva lini, yaani linatakiwa kulipwa lini, na riba yake ikoje, wanatoa hisa mpya kila mara ili wapate pesa? Na usiruke maoni ya mkaguzi. Akiandika kwamba kuna mashaka kama kampuni itaendelea kufanya biashara, hayo ni maneno mazito sana, mkaguzi haandiki hivyo kwa kujifurahisha.

Kijana wa Chati

Mi naona mnazunguka sana. Weka kanuni moja, hisa ikishuka asilimia 20 toka uliponunua unauza, hakuna cha ripoti wala nini. Ungefanya hivyo na hiyo ya maduka usingefika 60. Na usiongeze pesa kwenye kitu kinachoshuka, hiyo ndio inamaliza mitaji ya watu wengi, wanashusha wastani wanashusha wastani mwisho pesa yote iko kwenye kampuni mbovu kuliko zote walizonazo.

Ya teknolojia iache ipande, unaiuza ya nini? Utauza mwelekeo wa kupanda ukivunjika.

Mzee wa Mizania

Kijana hapo kwenye kutoongeza kwa sababu tu bei imeshuka tuko pamoja kabisa. Ila hiyo asilimia 20 kwa mtu wa miaka kumi siikubali. Hisa za kampuni nzima kabisa zinashuka asilimia 20 au 30 mara nyingi tu bila biashara kuharibika, soko zima likitikisika zinashuka zote. Mwaka 2020 mwezi wa pili na wa tatu indeksi ya S&P 500, kipimo cha bei za kampuni kubwa kama 500 za Marekani, ilishuka karibu asilimia 34 ndani ya wiki chache na kufika Agosti ilikuwa imesharudi juu ya pale ilipoanzia. Mwenye kanuni yako alitupwa nje, akalipa ada ya dalali, halafu akabaki na kazi ngumu kuliko zote ya kuamua arudi lini. Kwa anayefanya biashara ya wiki kwa wiki kanuni yako ina mantiki maana anacheza na bei yenyewe. Huyu ndugu amenunua kipande cha biashara, kanuni yake ya kuuza itoke kwenye biashara.

Dada Faida

Nije kwenye hiyo benki ya asilimia 11 maana naona wote mmeiruka, na mimi hapo ndipo ninapopaogopa kuliko hata pale kwenye maduka.

Nyota mpenzi, hiyo asilimia unayoiona ni gawio la mwaka uliopita gawanya kwa bei ya leo. Kampuni ikilipa 6 na bei ni 100 hiyo ni asilimia 6. Bei ikianguka mpaka 50 ghafla inasomeka asilimia 12, na kampuni haijaongeza hata senti. Kwa hiyo gawio kubwa kupita wenzake wote kwenye sekta hiyo hiyo mara nyingi linamaanisha soko haliamini kwamba mwakani litalipwa lile lile. Na wewe mwenyewe umesema karibuni bei imeshuka. Soko linaweza kuwa limekosea, linakosea sana tu, lakini wewe lazima ujue kwa nini limekosea kabla hujaweka pesa.

Cha kuangalia, kwanza gawio ni sehemu gani ya faida baada ya kodi. Benki inayogawa 40 kati ya 100 ina nafasi ya kupumua hata mwaka ukiwa mbaya, inayogawa 95 kati ya 100 haina. Pili kama lilikuwa gawio la kawaida au la mara moja, maana wakati mwingine wameuza jengo au kampuni tanzu wakagawa ile pesa, sasa mtu anaiona kwenye tovuti anadhani ni ya kila mwaka. Tatu kwa benki hasa, mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kama walivyokubaliana. Angalia imekuwa sehemu gani ya mikopo yote kwa miaka mitatu minne mfululizo, na fedha waliyotenga kufidia hiyo mikopo inaongezeka au inapungua. Mikopo mibovu ikipanda huku fedha ya kuifidia ikipungua, faida unayoiona leo imeazimwa kutoka kesho. Nne ni mtaji wao ukilinganisha na kiwango ambacho msimamizi wa mabenki anataka, kwa sababu benki ikikaribia mstari kitu cha kwanza kinachozuiwa ni gawio, na sio bodi inayoamua hapo tena.

Watu wanadhani kampuni kubwa haiwezi kukata gawio. General Electric (GE) ilikuwemo kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Dow Jones, kipimo maarufu cha soko la hisa la Marekani, mwaka 1896, wastaafu wengi Marekani walikuwa wanaishi kwa gawio lake. Novemba 2017 wakalikata nusu, 2018 wakalishusha mpaka senti moja kwa robo mwaka, na mwaka huo huo wa 2018 ikatolewa kwenye Dow. Bei ilikuwa imeshaanza kushuka kabla, ile asilimia ya gawio ikawa inaonekana tamu zaidi na zaidi kadiri hatari ilivyokaribia.

Na jambo moja zaidi, usinunue siku chache kabla ya kufunga daftari la wanahisa, siku wanapoorodhesha wenye haki ya gawio, ukidhani umeokota pesa. Hisa ikianza kuuzwa bila haki ya gawio bei kwa kawaida inashuka kwa kiasi kinachokaribia hilo gawio, na gawio lenyewe mara nyingi linakatwa kodi. Unabaki pale pale au nyuma kidogo.

Taratibu

GE hiyo hiyo dada ukumbuke iliendelea mpaka ikagawanywa kampuni tatu, ya vifaa vya hospitali 2023 na ya umeme 2024, ikabaki ya injini za ndege, na aliyenunua pale chini kabisa amefaidi sana. Sisemi kukupinga, nasema tu kuuza nako sio mwisho wa hadithi, kampuni unaweza kuitoa leo na ukairudia ikibadilika.

Ila mimi nilitaka kusema juu ya ile ya tano, hisa za mwajiri. Hapa Nyota wewe una hatari mbili kwenye kapu moja. Kampuni ikiyumba mshahara unayumba na akiba inayumba siku hiyo hiyo, yaani wakati unapohitaji kuuza hisa upate pesa ya kujikimu ndio wakati hisa hazina bei. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, 2001 ndio mfano ambao kila mwajiriwa anatakiwa kuujua. Akaunti za uzeeni za wafanyakazi wao zilikuwa zimejaa hisa za kampuni yenyewe, zaidi ya nusu ya pesa zote. Katikati ya mwaka 2000 hisa ilikuwa imefika karibu dola 90, Desemba 2001 kampuni ikafilisika. Walipoteza kazi na akiba kwa pamoja, na wengi walikuwa watu makini, waliamini kampuni kwa sababu walikuwa wanaiona kutoka ndani kila siku. Kuona kutoka ndani hakukuwasaidia kwa sababu hesabu zilizopikwa zilipikwa kwenye ghorofa nyingine.

Lile punguzo lakini ni pesa halali, usiliache. Kama mnaruhusiwa, nunua kwa punguzo halafu muda wa zuio, ule ambao hamruhusiwi kuuza, ukiisha uza sehemu kubwa peleka kwingine, bakiza kidogo. Soma masharti kwanza kuna kampuni zinazuia wafanyakazi kuuza karibu na siku za kutangaza matokeo, na kama kazi yako inakufanya uone hesabu kabla ya watu wengine hapo ni sheria kabisa, usiguse bila kuuliza idara inayohusika.

Na kwa ile pesa mpya ya kila mwezi, umeshafikiria mfuko unaofuata indeksi, yaani unaoshika hisa za soko zima kwa pamoja, badala ya kuongeza kwenye hizi tano? Kuna profesa anaitwa Hendrik Bessembinder wa Arizona State, 2018 alichapisha hesabu ya hisa zote za Marekani tangu 1926, kampuni zaidi ya 25,000. Zaidi ya nusu katika maisha yao yote sokoni zilishindwa hata kuzifikia dhamana za serikali za muda mfupi. Na utajiri wote uliozidi hizo dhamana ulitoka kwenye asilimia 4 tu ya kampuni. Asilimia 4! Ukiwa na kampuni tano nafasi ya kuikosa hiyo asilimia 4 ni kubwa sana, ukishika soko zima umezishika zote zikiwemo mbovu lakini huwezi kuzikosa zile chache.

Kijana wa Chati

Taratibu hiyo hesabu yako ndio inasema asiuze ya teknolojia. Kama kampuni chache ndizo zinabeba kila kitu, ukiipata moja unaikata mabawa ya nini? Anaweza asiipate nyingine maisha yake yote.

Nyota ya Jioni

Aisee nimejifunza mengi ndani ya muda mfupi, asanteni sana wote. Lakini hapo kwa Kijana na Taratibu ndipo nilipochanganyikiwa. Kampuni yenyewe ya teknolojia ni nzuri, faida inakua kila mwaka, wala sioni tatizo. Sasa nauza au siuzi? Nikiuza nahisi nitajuta ikipanda tena, nisipouza silali vizuri maana zaidi ya nusu iko pale.

Mzee wa Mizania

Hapa kuna maswali mawili na watu huwa wanayabeba pamoja. Kuna la bei na kuna la ukubwa.

La bei kwanza. Kampuni inaweza kuwa nzuri na hisa yake isiwe nzuri kwa bei fulani. Microsoft mwisho wa 1999 ilikuwa kampuni bora na ikaendelea kuwa bora, mauzo na faida yalikua sana miaka iliyofuata, lakini aliyenunua kwenye kilele kile alisubiri mpaka 2016 ndipo bei ikapita pale. Miaka zaidi ya 16, na kampuni haikukosea kitu kikubwa cha kuiua, ni kwamba bei ya 1999 ilikuwa imeshalipia ukuaji wa miaka yote hiyo mapema. Cisco ya vifaa vya mtandao ndio usiseme, Machi 2000 ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani na miaka 20 baadaye bei ilikuwa bado haijafika tena pale ingawa ilikuwa inauza na kupata faida kuliko zamani.

Kwa hiyo chukua bei ya hisa gawanya kwa faida ya hisa moja. Ukipata 15 unalipia miaka 15 ya faida ya leo, ukipata 60 unalipia miaka 60. Sitini inaweza kuwa halali kama faida inakua haraka sana na kwa muda mrefu, ila sasa umejua unaamini nini. Kaa na kalamu: kwa bei hii, faida ikue kwa asilimia ngapi, kwa miaka mingapi, ili mimi nipate faida ya kawaida tu? Kampuni ngapi kubwa kiasi hiki zimewahi kukua hivyo kwa muda huo? Kama jibu linakutaka uamini kitu ambacho karibu hakuna aliyewahi kukifanya, punguza. Kama jibu ni la kawaida hakuna sababu ya kuuza kwa sababu tu imepanda.

La ukubwa ni tofauti na halihusiani na ubora wa kampuni. Chukulia hiyo hisa imeshuka nusu, kitu ambacho kimezipata hata kampuni bora, Meta wenye Facebook ilishuka kama asilimia 75 kutoka 2021 hadi Novemba 2022 kabla ya kurudi. Ikishuka nusu na wewe imebeba zaidi ya nusu ya pesa zako, zaidi ya robo ya kila kitu ulichonacho imepotea kwa hisa moja. Ungekaa kimya usubiri, au ungeuza pale chini kwa hofu? Jibu kwa ukweli wako, sio kwa ukweli wa Kijana wala wangu. Unasema hulali vizuri, basi jibu umeshalitoa, ni kubwa kupita unavyoweza kubeba. Ikiwa imekua mpaka hapo na ukiogopa utauza chini, hiyo asilimia 4 ya Bessembinder haitakusaidia kitu maana ili ufaidike nayo lazima uwe bado umeishika.

Mimi nisingeuza yote. Pesa mpya yote ya kila mwezi ningeielekeza kwingine kwa hiyo uzito wake unapungua wenyewe bila kuuza, gawio zote nazo kwingine, halafu ningepunguza kwa awamu mpaka ifike kiwango ambacho ikianguka nusu naweza kuendelea na maisha. Angalia na kodi ya faida ya mtaji, ile ya faida unayopata ukiuza hisa, kwenye nchi unayolipia kodi, kuna mahali haipo, kuna mahali inategemea umeshika muda gani, na kuna mahali hasara ya hisa moja inapunguza kodi ya faida ya nyingine, kwa hiyo kuuza ile ya maduka na kipande cha teknolojia ndani ya mwaka mmoja kunaweza kukusaidia.

Binti Hesabu

Naongeza kitu ambacho mimi nakiona ni cha muhimu kuliko vyote na hakuna aliyekisema. Andika sababu. Kabla ya kununua, kwenye daftari au simu, andika mistari michache: nanunua kwa sababu hii, nategemea hiki na hiki kitokee, na nitauza kikitokea hiki. Kwa hizo tano ulizonazo ziandikie leo kana kwamba unazinunua leo. Ukishindwa kuandika sababu ya moja, tayari umeijua.

Faida yake ni kwamba sababu ikivunjika unaona. Bila maandishi akili inabadilisha sababu kimya kimya, ulinunua kwa sababu watafungua maduka mapya, maduka yakafungwa, sasa unasema unaishikilia kwa sababu ina viwanja. Warren Buffett, mwekezaji maarufu wa Marekani ambaye watu humnukuu kwamba hauzi hisa kamwe, alinunua hisa za mashirika manne makubwa ya ndege ya Marekani 2016, na 2020 ugonjwa ulipofunga viwanja vya ndege akauza zote na akasema mbele ya wanahisa kwamba dunia ya usafiri wa anga imebadilika kwake. IBM pia alianza kununua 2011 na kufika 2018 ameshatoka. Coca-Cola anayo tangu 1988. Mtu yule yule, mfuko ule ule, nyingine miaka minne nyingine miongo. Kilichozitofautisha ni iwapo sababu ilikuwa bado inasimama.

Na usifungue programu ya hisa kila siku. Mtafiti Brad Barber na huyo huyo Odean aliyemtaja Mzee mwaka 2000 walitoa hesabu ya kaya zaidi ya 66,000 kwa 1991 hadi 1996, zile zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka wakati soko lilitoa 17.9. Mimi nasoma matokeo yakitoka tu, nafungua maandishi yangu pembeni, nalinganisha, nafunga.

Nyota ya Jioni

Nimerudi wakuu. Nimekaa na ripoti za ile kampuni ya maduka, ya mwaka huu na iliyopita, nikifuata alivyosema Mzee. Faida wameandika ipo, ndogo lakini ipo. Ila fedha taslimu kutoka kwenye shughuli ni hasi miaka yote miwili, bidhaa za stoo zimeongezeka karibu theluthi wakati mauzo yamesimama, na kuna deni kubwa linaiva mwakani. Mkaguzi hajasema neno baya. Hii inamaanisha nini hasa?

Na benki nimeona wanagawa karibu faida yote na mikopo chechefu imepanda miaka mitatu mfululizo. Hapo Dada Faida nimekuelewa, siongezi.

Mzee wa Mizania

Inamaanisha wananunua bidhaa ambazo hazitoki. Bidhaa ikikaa stoo kwenye mizania, yaani jedwali la mali na madeni, inahesabika kama mali kwa gharama yake, ndiyo maana faida bado inaonekana, lakini pesa imeshatoka. Siku watakapolazimika kuziuza kwa bei ya kutupa, hasara yote itaonekana kwa mpigo, na hiyo siku inaweza kuangukia pale pale wanapohitaji kumshawishi mkopeshaji aongeze muda wa deni. Mkopeshaji akikataa watatoa hisa mpya kwa bei ya chini, kipande chako kinakuwa kidogo zaidi. Mwenye hisa analipwa wa mwisho, ukumbuke. Mkaguzi kukaa kimya ni habari njema kidogo tu, yeye anasema hesabu zimeandikwa sawasawa, hasemi biashara ni nzuri.

Mimi kwa ulichokieleza ningetoka. Usiongeze hata kidogo.

Dada Faida

Na benki ukishaacha kuongeza jiulize na kubaki pia, mama. Mikopo mibovu miaka mitatu mfululizo na wanagawa karibu yote, ningesubiri matokeo yanayofuata kwa jicho kali, yakiwa mabaya tena bila bodi kupunguza gawio kwa hiari natoka kabla hawajalazimishwa.

Kile kiwanda cha vinywaji usikidharau kwa sababu bei imelala. Jumlisha gawio zote ulizopokea toka ununue, halafu toa mfumuko wa bei, uone kweli umepata nini. Angalia pia mauzo yao yanakua kwa kuuza chupa nyingi zaidi au kwa kupandisha bei tu. Kama wanapandisha bei na wateja hawaondoki hiyo ni nguvu, kampuni nyingi zinaitamani. Kama wanapandisha bei huku chupa zinazouzwa zinapungua kila mwaka hiyo wanakula mbegu. Nikikuta ya kwanza mimi naishika na wala siwazi.

Nyota ya Jioni

Sawa, nimeandika kwenye daftari kama Binti Hesabu alivyosema. Pesa mpya inaenda kwenye mfuko wa indeksi. Teknolojia napunguza kwa awamu mpaka ibaki kama robo. Maduka natoka. Za mwajiri nauza zile ambazo muda wa zuio umeisha. Vinywaji nimesoma, chupa zinaongezeka, nakaa nayo.

Swali la mwisho, hisa ya maduka inauzwa kidogo sana kwa siku, kuna siku haiuzwi kabisa. Nikimwambia dalali auze zote si ataishusha bei mwenyewe?

Kijana wa Chati

Ndiyo ataishusha, hapa naweza kukusaidia. Usiweke oda ya bei ya soko kabisa, yaani kuuza kwa bei yoyote iliyopo, kwenye hisa isiyo na wanunuzi oda hiyo inakula kila bei iliyopo kwenda chini mpaka zako ziishe. Weka oda yenye bei ya chini kabisa utakayokubali, na uone kwanza pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji lina upana gani. Angalia wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku kwa mwezi mzima uliopita, gawa zako vipande vidogo visivyozidi sehemu ndogo ya huo wastani, uza kipande kwa kipande. Siku za matokeo au habari kubwa wanunuzi wanakuwa wengi, kama habari ni nzuri tumia hiyo nafasi kutoa nyingi kwa wakati mmoja. Ila muulize dalali ada ya chini kwa kila oda ni kiasi gani kabla hujagawa vipande vingi, kama ni kubwa fanya vipande vichache.

Na usishushe bei yako kila asubuhi kwa sababu jana hazikuuzwa. Ipe wiki chache.

Nyota ya Jioni

Nimeelewa mkuu. Oda ya kwanza naiweka Jumatatu.